Mlango wa Uani Nao Una Komeo

Ofisi ya chama cha msingi ninayoizungumzia ina vyumba viwili, ghala la tumbaku nyuma yake, na kisanduku cha Wi-Fi kilichotundikwa kwenye msumari karibu na dirisha. Kutoka Mpanda mjini ni mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki, kama mvua haijanyesha. Juu ya kabati kuna kompyuta ndogo, na hiyo ndiyo seva. Ndani yake kuna majina ya wakulima, uzito wa marobota yao, pembejeo walizokopa na namba za akaunti zao za benki. Siku za soko makarani watatu wanaingiza kilo kwa simu, mhasibu anasoma jumla kwenye kompyuta mpakato. Intaneti ikiwepo, heri. Isipokuwepo, kazi inaendelea, maana kila kitu kimo humo humo ofisini.

Kijana anayeutunza mfumo huo alinipigia simu jioni moja. "Shikamoo kaka. Nataka kuongeza HTTP/2 kwenye maktaba yangu ya seva, lakini bila usimbaji. Vyeti vinanichosha. Kuna ubaya?"

Maktaba anayoisema ni ile programu ambayo waandishi wengine wa programu huichukua na kuijengea juu: inapokea maombi, inayapeleka panapohusika, inarudisha majibu. Aliiandika mwenyewe, na sasa wenzake wawili, mmoja Tabora na mmoja Sumbawanga, wanaitumia. Ndiyo maana swali lake halikuwa la ofisi moja. Anachokiweka kwenye maktaba kitafika mahali ambapo yeye hatakuwepo.

Nilimjibu kwamba ubaya wala uzuri hauko kwenye itifaki. Nyumba ya Kiswahili ina mlango wa mbele na mlango wa uani. Mgeni hupiga hodi mbele. Wa nyumbani hupita uani bila kubisha. Hakuna aliyewahi kulaumu nyumba kwa kuwa na mlango wa uani. Lawama huja pale uani usipokuwa na ukuta, au mwenye nyumba akisahau kwamba mlango huo upo. Yanayofuata ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu.

Reli moja, mabehewa mengi

Kwanza ujue unachokiongeza. HTTP/1.1, iliyoandikwa rasmi mwaka 1997, huhudumia kama karani mmoja wa dirishani: kwenye muunganisho mmoja, jibu la kwanza likichelewa, la pili linasubiri nyuma yake. Vivinjari vililikwepa hilo kwa kufungua miunganisho hadi sita kwa seva moja, kama mtu anayewapanga watoto wake sita kwenye foleni sita tofauti.

HTTP/2 ilitokana na SPDY, jaribio la Google la mwaka 2009, na ikapitishwa kuwa kiwango mwezi Mei 2015. Yenyewe inatumia muunganisho mmoja, lakini inayakata maombi na majibu vipande vipande vinavyoitwa fremu. Kila fremu ina kichwa cha baiti 9, na ndani ya kichwa hicho mna namba ya mkondo unaomiliki fremu hiyo. Fremu za maombi mengi huchanganyika njiani na kupangwa upya zikifika.

Wakazi wa Mpanda hawahitaji maelezo marefu hapa. Reli yetu inachepuka Kaliua kutoka njia ya Kigoma, na ni njia moja tu, iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi na kukamilika mwaka 1950. Behewa la mahindi, la abiria na la saruji hupita juu ya chuma kile kile, kila moja na lebo yake. Lakini maji ya Ugalla yakikata tuta, yanasimama yote. HTTP/2 ni hivyo hivyo: kipande kimoja cha data kikipotea hewani, mikondo yote husubiri kitumwe tena. Kwa hiyo anayeiongeza akitarajia itaponya mtandao unaokatika katika vijiji vya wilaya ya Mlele au Tanganyika, amekosea dawa. Ugonjwa huo ulishughulikiwa na HTTP/3 mwaka 2022, na hiyo haina kabisa mlango usiosimbwa.

Mlango uliozaliwa na ubishi

Wataalamu waliokuwa wakiandika HTTP/2 walibishana kama usimbaji uwe lazima. Ilikuwa mwaka 2013, Edward Snowden ametoka kufichua jinsi Marekani ilivyokuwa ikisikiliza mawasiliano ya dunia, na mradi mmoja kati ya iliyofichuliwa uliitwa PRISM. Hawakuafikiana. Kiwango kikaruhusu njia zote mbili: ile iliyosimbwa kwa TLS, inayoitwa h2, na ile iliyo wazi, inayoitwa h2c. Lakini ubishi ule uliacha alama. Kila muunganisho wa HTTP/2 huanza kwa salamu ya baiti 24, nayo husomeka hivi: "PRI * HTTP/2.0", mistari miwili ya kuruka, kisha "SM", na mistari miwili tena. Unganisha PRI na SM uone walichokiandika.

Watengenezaji wa vivinjari wao walishika msimamo: HTTP/2 kwa TLS tu. Mpaka leo hakuna kivinjari maarufu kinachopita h2c. Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza ulipo, na huenda ukakuokolea wiki nzima ya kazi. Kama wateja wa seva yako ni watu wanaofungua kivinjari kwenye simu, mlango huu hautapitwa na mtu. Usiuchonge.

Usiuchonge pia kwa sababu ya kasi. Watu wengi bado wanaamini usimbaji hula nguvu ya kompyuta. Vichakataji vya leo vina vifaa vya ndani vya kazi hiyo, na TLS 1.3 ya mwaka 2018 hufunga makubaliano kwa safari moja tu ya kwenda na kurudi. Sababu ya kweli ya kutaka h2c ni nyingine: unazo programu mbili zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe, mara nyingi kwa gRPC, mfumo wa programu kuitana, ambao hauwezi kuishi bila HTTP/2, na hutaki kulea vyeti baina ya ndugu wanaolala chumba kimoja.

Uani ni wapi, na barabarani ni wapi

Uani ni ndani ya mashine moja. Proksi imesimama mbele, inapokea TLS kutoka kwa wateja, inafungua bahasha, inaipasia programu iliyo nyuma yake kupitia anwani 127.0.0.1 au soketi ya Unix. Hapo h2c inafaa, na imetumika hivyo kwa miaka. Uani pia unaweza kuwa mashine mbili zilizounganishwa kwa waya wao wenyewe ndani ya chumba chenye kufuli. Na uani ni meza yako unapofanya majaribio.

Wi-Fi ya ofisi ni barabara. Hili nililijifunza kwa aibu. Miaka kadhaa nyuma niliacha seva ya h2c isikilize anwani zote za mashine, nikijiambia kwamba kisanduku cha Wi-Fi kina nenosiri na wanaolijua ni watu wetu. Mwanafunzi mmoja aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo akaniita nione skrini yake. Alikuwa amefungua programu ya kusoma pakiti, na mbele yangu majina yalikuwa yamejipanga: fulani, kilo kadhaa, daraja, akaunti. Hakuwa ameiba chochote. Alikuwa anasikiliza hewa. Kwenye Wi-Fi nyingi zenye nenosiri moja kwa wote, kila aliyepewa nenosiri hilo, pamoja na mgeni wa mchana mmoja, anaweza kuyasikia ya wenzake.

Nilijitetea kwamba HTTP/2 si maandishi, ni baiti, na vichwa vyake hukunjwa kwa HPACK, mbinu ya kubana. Mwanafunzi yule akatabasamu kwa adabu. Kubana si kusimba. Nguo zilizokunjwa ndani ya begi lisilo na kufuli hazijafichwa. Zimepangwa vizuri tu. Zipo programu za kusoma pakiti zinazozikunjua zenyewe.

Ukiona sababu yako ya kutaka h2c ni vyeti kukusumbua kwenye Wi-Fi ya ofisi, basi tibu vyeti. Mamlaka za vyeti haziwezi kukupa cheti cha anwani ya ndani kama 192.168.1.10, hilo ni kweli. Lakini unaweza kumiliki jina la tovuti, ukathibitisha umiliki kupitia rekodi za DNS bila seva yako kuonekana nje, kisha ukaagiza kisanduku chako cha ndani kilielekeze jina hilo kwenye mashine ya ofisini. Cheti cha Let's Encrypt cha siku 90 kikihuishwa siku ya 60, una siku 30 za kusubiri intaneti irudi. Hata mnara wetu wa mawasiliano haujawahi kunyamaza siku zote hizo.

Jinsi ya kuuchonga

Sasa tuseme umejipima na uani unao kweli. Fungua maktaba yako tufanye kazi.

Uache mlango ukiwa umefungwa. Anayeisakinisha maktaba yako bila kusoma chochote asijikute na h2c. Lazima auandike yeye mwenyewe kwenye usanidi, kwa jina linalosema ukweli. Lugha ya Go ilikaa miaka mingi ikiiweka h2c kwenye kifurushi cha pembeni; ilipoiingiza rasmi kwenye maktaba yake ya msingi, toleo 1.24 la Februari 2025, ilikiita kipengele hicho UnencryptedHTTP2. Ni jina refu, halivutii, na ndivyo inavyotakiwa. Jina kama "hali ya haraka" au "hali ya ndani" lingemlaghai mtu.

Pokea salamu ya moja kwa moja tu. Kiwango cha 2015 kilikuwa na njia mbili za kuingilia. Ya kwanza, mteja anajua tangu mwanzo kwamba seva inaijua HTTP/2, anatuma salamu ya baiti 24 na kuanza. Ya pili, anaanza na ombi la HTTP/1.1 lenye kichwa "Upgrade: h2c", seva inajibu 101, wanahamia itifaki mpya katikati ya safari. Achana na ya pili. Karibu hakuna aliyeitumia, na kiwango kipya cha Juni 2022 kimeitangaza kuwa imepitwa na wakati. Zaidi ya hapo, mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Bishop Fox walionyesha namna inavyogeuka tundu: proksi isiyo makini hupitisha kichwa kile kwa seva ya nyuma, seva inakubali, na kuanzia hapo proksi inabaki bomba tupu. Mteja wa nje anaweza kupenyeza maombi kuelekea kurasa ambazo proksi ilikatazwa kumruhusu. Yaani mgeni amepiga hodi mbele, akapitishwa mpaka uani. Go nayo haikuipokea njia hiyo kwenye maktaba yake.

Itambue salamu kwa subira. Kama poti moja itapokea wazee wa HTTP/1.1 na vijana wa HTTP/2, itabidi usome baiti za mwanzo ndipo uamue. Hapa wengi wanajikwaa. Herufi ya kwanza ya salamu ni P, lakini POST na PUT nazo huanza kwa P. Herufi mbili, PR, zinatosha? Hapana: PROPFIND, ombi la wanaohifadhi mafaili kwa WebDAV, huanza hivyo hivyo, na tofauti inaonekana kwenye herufi ya tatu. Linganisha baiti kwa baiti. Ikitokea isiyolingana, acha papo hapo, na zile ulizokwisha kusoma zikabidhi zote kwa msomaji wa HTTP/1.1, maana ukizitupa ombi litafika limekatwa kichwa. Usidhani pia kwamba baiti 24 zitafika kwa mkupuo. Zinaweza kuja tatu, kisha kumi, kisha zilizobaki. Na weka kikomo cha muda. Mtu akituma "PR" kisha akanyamaza, asikushikie muunganisho hadi asubuhi.

Mipaka iwe ile ile ya mlango wa mbele. Weka idadi ya juu ya mikondo inayokwenda pamoja, ukubwa wa vichwa, na muda wa muunganisho kukaa bila kazi. Kisha hesabu mikondo inayofutwa. Oktoba 2023 dunia ilitangaziwa shambulio lililopewa jina la Rapid Reset: mteja anafungua mkondo na kuufuta papo hapo, tena na tena, hivyo hesabu ya mikondo hai inabaki ndogo huku seva ikihenyeka. Google walishuhudia kilele cha maombi milioni 398 kwa sekunde. Utasema uani kwako hapana maadui. Hata hivyo programu yako mwenyewe yenye kosa la kurudia maombi inaweza kukufanyia yale yale bila nia mbaya.

Vitakavyovunjika bila kukuaga

Tangu mwaka 2015 waandishi wengi wamezoea kwamba HTTP/2 na TLS huja pamoja, na mazoea hayo yamejificha ndani ya programu zao. Tafuta kila mahali panapoandikwa "kama ni HTTP/2, soma taarifa za TLS". Kwenye h2c taarifa hizo hazipo, na programu itaanguka. Afadhali hiyo inayoanguka. Mbaya zaidi ni ile inayoona "HTTP/2" na kuhitimisha kwamba njia ni salama, ikatuma kuki ya kuingilia mahali pasipostahili.

Kuna mtego wa karibu na huo. Katika HTTP/2, mteja hutaja mwenyewe kama anwani ni ya http au https, kwenye sehemu iitwayo ":scheme". Kwenye muunganisho ulio wazi, hayo ni maneno yake tu. Proksi yako uliyoisimamisha mbele unaweza kuiamini kwa sababu unaijua. Mwingine yeyote, usimwamini.

Ihakiki na proksi pia. Nyingi huzungumza HTTP/2 na wateja wa nje kisha zikigeuka ndani zinarudia HTTP/1.1. Unaweza kuhangaika siku mbili kuchonga mlango, kumbe anayetakiwa kuupita hajui kupita. Na ukiwa na programu mbili au tatu nyuma ya proksi, kumbuka kwamba muunganisho wa HTTP/2 hudumu muda mrefu: mzigo unaweza kumwelemea mmoja huku wenzake wamekaa kivulini.

Namna ya kuzima nayo ina adabu yake. Mpanda tuliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, tukijua umeme hukatika bila taarifa. Inverta ikikupa dakika kumi, zitumie. Seva ya HTTP/2 inapozima hutuma fremu ya GOAWAY, inayomwambia mteja mkondo wa mwisho itakaoushughulikia. Mteja anajua ombi lipi lilipokelewa na lipi alirudie. Bila hiyo, karani hajui kama robota la mwisho liliandikwa, analiingiza tena, na mkulima mmoja analipwa mara mbili kwenye karatasi.

Kabla hujawapa wengine

Pima kwa amri ya curl yenye chaguo la --http2-prior-knowledge, inayotuma salamu moja kwa moja. Kisha pima na curl ya kawaida, uhakikishe wazee bado wanahudumiwa. Tuma ombi la PROPFIND. Tuma salamu baiti moja moja, ukipumzika kidogo kila baada ya moja. Tuma kichwa cha "Upgrade: h2c" na uhakikishe seva inakipuuza na kujibu kwa HTTP/1.1. Mwisho, simama kwenye mashine nyingine iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo na ujaribu kuifikia poti ile. Ikikujibu, uani wako hauna ukuta.

Usilichukulie hili kama jambo la mafundi peke yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Anayekusanya majina na akaunti za watu anadaiwa kuzilinda, awe benki ya Dar es Salaam au chama cha msingi kando ya msitu. Kwa hiyo andika kwenye maelezo ya maktaba yako, sentensi ya kwanza kabisa ya kipengele cha h2c: data inayopita hapa inasomeka na yeyote aliye njiani.

Kijana wangu alimaliza kazi baada ya wiki tatu. Simu za makarani zinaingia kwa TLS, proksi inapokea, na ndani ya kompyuta ile ndogo programu zake mbili zinaongea h2c kupitia 127.0.0.1. Kipengele chenyewe alikipa jina la Kiswahili: HTTP2BilaUsimbaji. Nilimwambia wenzake wa programu watacheka.

Akaniambia wamecheka kweli. Lakini siku alipokuwa akiweka usanidi, mhasibu alisimama nyuma yake na miwani yake puani, akausoma mstari ule kwa sauti, kisha akauliza, "Bila usimbaji? Ndiyo nini hiyo, na akaunti za wakulima zinapita hapo?" Ikabidi aache kazi, avute kiti, amweleze yupi anapita mbele na yupi anapita uani. Mhasibu akataka aonyeshwe komeo. Akaonyeshwa.